Ufunguo ulivuka ziwa, gari likabaki: historia ya kufuli ya vitesi hapa kwetu Fizi



Fundi mmoja wa garaji, mtu wa Baraka ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa kazi yake, alinipigia simu jioni moja. Aliniambia: "Mwandishi, wameniletea Land Rover ya zamani kwa kamba, imevutwa na kamio. Levye ya vitesi imefungwa na kufuli ya chuma. Ufunguo hakuna. Vijana walioileta wanataka niikate leo leo, wananilipa vizuri. Wanasema waliinunua kwa mtu aliyehama. Mimi nimewaambia wangoje. Je, redio inaweza kutangaza kwanza?"

Nilimjibu kwamba tunaweza. Lakini baada ya kukata simu sikupata usingizi mapema, kwa sababu swali la huyo fundi ni kubwa kuliko kufuli moja. Kila familia iliyokimbia hapa kwetu, tangu wakati wa wazee hadi juzi, imeacha kitu kilichofungwa: nyumba, duka, sanduku, gari. Na kila mara kuna mtu anayekuja nyuma na msumeno. Nikaona afadhali niwaandikie historia ya chuma hicho kidogo kinachofunga levye ya vitesi, kilitoka wapi, kilifikaje kwetu, kinatengenezwa na kuondolewa namna gani, na kwa nini fundi hapaswi kukikata kabla ya kuuliza neno moja: gari hili ni la nani?

Kufuli ilitoka wapi

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na ufunguo wa maana. Mwenye gari alizungusha manivela mbele, moto ukawaka, akaondoka. Mwizi naye alifanya hivyohivyo. Huko Marekani magari yalipokuwa mengi, wizi ukawa mkubwa hata bunge lao likapitisha sheria mwaka 1919, inayojulikana kama Dyer Act, ya kumwadhibu mtu anayevusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine.

Ndipo watengenezaji wakaanza kufikiri: tukifunga mlango, mwizi atavunja kioo. Tukifunga umeme wa moto, ataunganisha nyaya. Lakini tukifunga boite ya vitesi yenyewe, hata injini ikiwaka gari haliendi kokote. Katika miaka ya 1920 magari kadhaa ya Marekani, yakiwemo ya Dodge Brothers, yalikuwa na kufuli pale chini ya levye, juu ya boite. Ukizungusha ufunguo, kijiti cha chuma kinaingia katika pengo la chuma kinachosukuma vitesi, na levye inaganda.

Sehemu inayoshika ufunguo, yaani silinda, ni uvumbuzi wa zamani zaidi. Mmarekani Linus Yale mdogo aliiandikishia hati mwaka 1861, na hadi leo kufuli nyingi za milango yetu zinafuata mpango wake. Ndani ya silinda kuna vipini vidogo vinavyosukumwa na risorti. Kila kipini kimekatwa vipande viwili. Meno ya ufunguo yanainua kila kipini kwa kiasi chake. Vipini vyote vikifika kwenye mstari mmoja, silinda inazunguka. Kimoja kikikosea kidogo, haizunguki. Ndiyo maana ufunguo wa jirani unaweza kuingia vizuri katika kufuli yako na bado usifungue.

Ulaya nao walichukua njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtu mmoja jina lake Abram Neiman alitengeneza kifaa cha kufunga usukani. Jina lake limebaki mdomoni mwetu sisi tuliosoma katika nchi za Kifaransa. Mwenye pikipiki wa Mboko akisema "Neiman yangu imeharibika", hajui kwamba anataja jina la mtu. Anasema tu habari ya pale anapoingiza ufunguo na kufunga usukani.

Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1960, Ujerumani ya Magharibi ililazimisha kwa sheria kila gari liwe na kufuli ya usukani, magari mapya na ya zamani pia. Wizi wa magari ukapungua sana na haukurudi juu upesi. Uingereza nayo ikafuata kuanzia mwaka 1971, lakini kwa magari mapya peke yake. Wachunguzi wakaona jambo ambalo mama yeyote sokoni angewaambia bure: wezi waliacha magari mapya wakaenda kwenye yale ya zamani yasiyo na kufuli. Hapo kuna fundisho ambalo nitalirudia mwishoni. Kufuli ya mtu mmoja inamhamishia mwizi kwa jirani. Kufuli ya watu wote ndiyo inayomzuia.

Kampuni ya Saab ya Sweden ilikwenda mbali zaidi. Katika gari lao la Saab 99, lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1967, waliweka tundu la ufunguo katikati ya viti viwili vya mbele, karibu na levye. Ili uchomoe ufunguo, lazima kwanza uingize vitesi ya kurudi nyuma. Ukichomoa, levye inabaki imefungwa hapo. Kwa hiyo kufunga vitesi si ufundi wa mtaani peke yake. Hata viwanda vikubwa vilikubali kwamba ni njia nzuri.

Namna ilivyofika kwetu

Hapa Fizi magari ya kwanza yalikuwa ya utawala wa Wabelgiji, ya misheni na ya wafanyabiashara. Njia yetu mnaijua: ziwa upande mmoja, mlima upande wa pili, na katikati barabara ya udongo inayotoka Uvira, inapita Makobola na Mboko, inashuka hadi Baraka, halafu inapanda Fizi. Mito ikijaa, barabara inakatika. Gari dogo la mjini halikuweza kuishi hapa. Kwa hiyo gari lililopendwa likawa Land Rover, na baadaye Land Cruiser.

Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948. Zile za zamani zilikuwa na levye tatu sakafuni. Ndefu ni ya vitesi za kawaida. Yenye kichwa cha njano ni ya kuingiza magurudumu yote manne. Yenye kichwa chekundu ni ya kuchagua nguvu ndogo au kubwa. Ukiweka ile nyekundu katikati, injini inaunguruma lakini gari linakaa mahali pake kama ng'ombe aliyekataa kamba. Na matoleo ya kwanza hayakuwa na kufuli ya usukani. Ilikuja na toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971.

Kwa hiyo mwenye Land Rover ya kabla ya hapo alifanya nini usiku? Alitafuta mnyororo. Wengine walifunga ile levye nyekundu ikiwa katikati. Wengine walifunga ile ndefu katika vitesi ya nyuma na kuishikiza kwenye sanduku la kiti. Na wengine walikwenda kwa fundi wa kuunguza chuma, wakatengenezewa kikono cha chuma kinachokumbatia levye, na kiti chake kikakazwa na bolti sakafuni, na ndani yake silinda ya mlango. Ndugu zetu wa Kigoma wanaita levye hiyo mkono wa gia, na kufuli yake wanaiita kufuli ya gia. Ni kitu kilekile. Siku hizi kuna kufuli za kiwanda za namna hiyo, zenye bolti ambazo kichwa chake kinakatika baada ya kukazwa ili mwizi asipate pa kushika na ufunguo wa bolti.

Mjomba wangu alikuwa na Land Rover moja ya toleo la pili, rangi ya kijani iliyopauka, na kufuli yake ilitengenezwa na fundi wa Uvira katika miaka ya 1980. Nilikuwa mtoto, lakini sauti ya ile kufuli ikifungwa jioni naikumbuka hadi leo. Ilikuwa kama mtu anayefunga mlango wa kanisa. Mjomba alikuwa anasafirisha mihogo, mawese na wagonjwa. Mama aliyepata shida ya uzazi usiku mlimani, mtu aliyeitwa kwanza alikuwa mjomba, na Land Rover ile ilishuka naye hadi hospitali ya Nundu.

Vita na chuma

Sasa tufike kwenye vita, kwa sababu huwezi kuandika historia ya gari hapa Fizi bila vita.

Mwezi wa tano 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi, na Fizi yote ikafuata. Magari ya misheni, ya serikali na ya wafanyabiashara yakachukuliwa. Mwezi wa tisa 1965 mamluki wa Mike Hoare waliteremka Baraka kutoka ziwani, wakapigana, na magari yakabadilisha mikono tena. Miaka minane baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zinapewa raia wa Zaire. Maduka yakapata wenyewe wapya, na pamoja na maduka, magari yaliyokuwa uani.

Mnaona jinsi mambo yanavyokwenda. Mara tatu ndani ya miaka kumi, gari lilitoka kwa mtu mmoja likaenda kwa mwingine bila ufunguo kupita mkono kwa mkono. Mbele ya mtutu wa bunduki, kufuli ya vitesi haina kazi. Mwenye bunduki hakati kufuli. Anakuambia wewe mwenyewe ufungue.

Lakini mara nyingi mwenye gari hakuwepo. Alikuwa amekwisha kukimbia. Hapo kufuli ilikuwa na kazi, walau kwa saa chache au siku chache. Hata Waingereza walilijua hilo. Mwaka 1940, walipoogopa kwamba Wajerumani watateremka kwao, serikali iliamuru kila mtu anayeacha gari lake bila mtu alizuie lisiweze kuwaka, kwa mfano kwa kuchomoa rota ya umeme wa moto. Hapa kwetu wazee hawakungoja amri ya serikali. Mtu alitoa batri akaifukia, akatoa pompi ya mazuti akaificha kwenye paa la jiko, akafunga levye, akachukua watoto akaenda.

Mwaka 1996, mwezi wa kumi, vita vilipoingia Uvira, ilikuwa zamu yetu. Nilikuwa na miaka kama saba. Tulishuka ufukweni usiku. Mtumbwi unabeba watu, mabunda, labda mbuzi mmoja. Gari halipandi mtumbwi. Mjomba alifunga Land Rover yake, akachomoa rota, akaweka ufunguo katika kitambaa na kuufunga kiunoni. Ufunguo ukavuka ziwa, gari likabaki.

Tulikaa Lugufu, ng'ambo ya Kigoma, zaidi ya miaka kumi. Wengine wetu walikuwa Nyarugusu, na wengine wapo hadi leo. Mtu aliyeishi kambini anajua kwamba hema moja linaweza kuwa na funguo tano za nyumba ambazo hazipo tena. Ukiwauliza wenyewe kwa nini wanazitunza, wanacheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa anaupaka ufunguo wake mawese mara kwa mara usishike kutu, na sisi watoto tulikatazwa kuuchezea.

Siku ufunguo ulipozunguka

Kuanzia mwezi wa kumi 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka kwa meli. Sisi tulirudi mwaka 2007. Nyumba yetu ilikuwa imebaki msingi na miembe. Gari halikuwepo.

Ilichukua miezi mingi. Halafu shofa mmoja akamwambia mjomba kwamba ameona Land Rover inayofanana na yake, katika kijiji kingine, imepakwa rangi nyeupe. Mjomba alikwenda na wazee wawili. Aliyekuwa nalo si mwizi. Alikuwa mfanyabiashara mdogo ambaye alilinunua kutoka kwa wanajeshi waliokuwa wanahama, na alikuwa ametia ndani yake fedha zake zote: injini, matairi, viti. Naye alikuwa na watoto. Karata roze hakuwa nayo, na mjomba pia hakuwa nayo, kwa sababu yake iliungua pamoja na nyumba.

Kesi ikaletwa lubunga, mbele ya wazee. Kila mtu alisema maneno yake. Rangi ilikuwa imebadilika. Namba ya shasi ilikuwa imepigwa nyundo. Ikaonekana hakuna ushahidi. Ndipo mjomba akaomba waangalie sakafu, karibu na kiti. Kikono cha kufuli kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, levye ilikuwa huru. Lakini kile kiti cha chuma kilichokazwa sakafuni kilikuwa bado pale, na ndani yake silinda. Aliyekata hakuona sababu ya kujisumbua kukiondoa.

Mjomba akafungua kitambaa. Silinda ilikuwa imejaa vumbi. Fundi aliyekuwepo akakwangua makaa ya kalamu ya risasi kwa wembe, akapuliza unga ule ndani ya tundu, akaingiza ufunguo na kuutoa mara nyingi polepole. Halafu ukazunguka. Kijiti kikatoka. Watu waliokuwa wamekaa wakasimama.

Sitawadanganya kwamba mjomba alirudi nyumbani anaendesha gari. Wazee waliona kwamba gari ni lake, lakini kwamba injini na matairi ni ya yule mwingine. Waliamua lifanye kazi kwa zamu kwa muda, halafu yule mfanyabiashara amlipe mjomba bei ya mwili wa gari, kidogokidogo. Alilipa sehemu kubwa. Walikula pamoja. Mjomba alifariki miaka michache baadaye, na yule mtu alikuja kwenye kilio na gari lilelile, akabeba wageni bila kulipisha.

Kesi ile ilishindwa na ufunguo mdogo na kipande cha chuma ambacho mtu mwingine angekitupa kwenye jalala la garaji.

Fundi afanye nini

Nimezungumza na mafundi wawili wa Baraka na mmoja wa Nundu kabla ya kuandika haya. Haya ndiyo waliyoniambia, nami nayapanga kwa utaratibu.

Kwanza, karatasi na watu. Mwenye kuleta gari aonyeshe karata roze. Kama hana, aje na shefu wa kijiji au mashahidi wawili wanaojua historia ya gari. Fundi aandike namba ya shasi katika daftari na apige picha ya kufuli kabla ya kuigusa.

Pili, angalia kama shida ni kufuli kweli. Mara nyingi gari lililolala miaka mingi linakataa vitesi kwa sababu chuma za ndani ya boite zimeshikana. Kanyaga ambreyaji, sukuma gari mbele na nyuma kidogo huku ukitikisa levye. Na kwa Land Rover ya zamani kumbuka kwamba breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika mti unaotoka kwenye boite. Kama breki hiyo imeganda, gari halisogei, na watu wanalaumu kufuli bure.

Tatu, jaribu kuiokoa. Puliza vumbi. Tumia unga wa kalamu ya risasi au grafiti ya dukani. Usitie grisi wala mafuta mazito ndani ya silinda, kwa sababu vumbi la barabara yetu litashikana nayo kuwa udongo. Hata mawese ya mjomba yalikuwa ya kupaka ufunguo, hayakuwa ya kumwaga ndani. Usilazimishe ufunguo wa zamani uliolika. Ukikatikia ndani, kazi imekuwa mbili. Fundi wa funguo mwenye uzoefu anaweza kuifungua silinda, kupima vipini na kuchonga ufunguo mpya.

Nne, kama lazima iondolewe, iondoe nzima. Usipige levye nyundo. Chini yake kuna uma zinazosukuma vitesi, na zikipinda utashusha boite yote. Tafuta bolti za kiti cha kufuli kutoka chini ya gari. Zile zenye kichwa kilichokatika zinatobolewa katikati kwa foret na kuzungushwa kinyume. Kama hilo halifai, fungua kifuniko kinachoshika levye, uitoe pamoja na kufuli yake, ufanye kazi mezani.

Tano, moto. Hili walilisema wote watatu kwa sauti kubwa. Land Rover nyingi za zamani, hasa zile fupi, zina tanki la mafuta chini ya kiti cha mbele, sentimita chache kutoka pale watu wanapotaka kukata. Cheche za mashine ya kukata, au moto wa kuunguza, karibu na mvuke wa petroli ni kifo. Ondoa tanki kwanza, au tumia msumeno wa mkono na uvumilivu.

Sita, usitupe chuma. Silinda, kikono, bolti, vyote viwekwe katika mfuko na jina la gari, apewe mwenyewe, au vibaki garaji mpaka mambo yawe wazi.

Kwa wale wenye magari ya zamani sana, kama yale ya miaka ya 1920 ambayo leo yako kwa watu wanaoyatunza huko Ulaya na Marekani, kuna shida nyingine. Nyumba za kufuli nyingi zilimiminwa kwa zinki yenye uchafu wa risasi ndani yake. Kwa miaka mingi chuma hicho kinavimba, kinapasuka na kuikaba silinda. Hapo hata ufunguo sahihi hausaidii. Inabidi nyumba yote ibadilishwe.

Kwenu mliokimbia

Nawaandikia hasa ninyi mliolala kwa watu, mashuleni na makanisani, na ninyi Warundi majirani zetu wa Lusenda, ambao tangu mwaka 2015 mnaishi nasi na funguo zenu za ng'ambo. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala tarehe 23 Oktoba 2009 unasema kwamba nchi zilinde mali ambayo waliohamishwa ndani ya nchi wameiacha nyuma. Ni neno zuri. Lakini mkataba hauji kukaa kwenye uwanja wako usiku. Wanaokaa pale ni majirani, mafundi, madereva na wanunuzi.

Kwa hiyo tunzeni funguo, hata kama nyumba imeungua. Andikeni namba ya shasi ya gari, na ya pikipiki pia, nyuma ya karata ya ubatizo au ya uchaguzi, au mpigeni picha mkamtumie ndugu aliye mbali. Kumbukeni alama ambayo mtu mwingine haijui: bolti isiyofanana, kovu la kuunguza chini ya kiti. Na anayenunua gari au pikipiki kwa bei ya ajabu kutoka kwa mtu anayehama usiku, ajue kwamba huenda siku moja mtu atakuja na kitambaa chenye ufunguo.

Kumbukeni habari ya Wajerumani na Waingereza. Fundi mmoja akikataa kukata, vijana wataenda garaji ya pili. Mafundi wote wa Baraka na Nundu wakiuliza swali lilelile, gari la wizi litakosa mahali pa kwenda.

Kuhusu ile Land Rover iliyoletwa kwa kamba, tumetangaza siku nne mfululizo, asubuhi na jioni. Tumesema aina ya gari na kwamba levye yake imefungwa. Rangi, namba na umbo la kufuli hatukusema, ili anayekuja ndiye atuambie. Vijana wale walirudi mara moja wakakasirika, halafu wakakubali kungoja. Mpaka ninapoandika, hakuna aliyejitokeza. Gari liko chini ya mwembe garajini, kufuli yake nzima. Kama ufunguo uko kwako, Nyarugusu, Uvira, Kalemie au popote ulipo, usiutume kwa mtu. Njoo nao mwenyewe, au mpigie simu shefu wa kijiji chako atupigie.

Kutoka Nundu, sekta ya Tanganyika, ni mimi mwandishi wenu. Mungu awalinde huko mliko.